Sikio na Jicho Mpakani: Historia ya Mgawanyiko wa Maoni kuhusu Filamu ya La Miséricorde de la jungle kwa Kurejelea Mji wa Gisenyi (Rubavu)

Ikisiri

Makala hii inachunguza mgawanyiko wa maoni unaoizunguka filamu ya La Miséricorde de la jungle (2018), yaani Rehema ya Msitu, iliyoongozwa na Joël Karekezi, mzaliwa wa Rubavu. Mwaka 2019 filamu hiyo ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou. Ni filamu ya kujitegemea, yenye mwendo wa taratibu, inayosimulia vita kwa mapigano machache mno. Kwa kurejelea mji wa Gisenyi, unaopakana na Goma, makala inadai kuwa tofauti za maoni kuhusu kazi ya aina hii hazielezeki kwa kigezo cha elimu au ladha peke yake. Zina mizizi katika historia ya usikilizaji. Hadhira iliyolelewa na tamthilia za redio na filamu za kufasiriwa huanza kusikiliza kabla ya kutazama, na kwayo lugha ya mhusika ni ushahidi. Makala inahitimisha kwa kuonyesha nafasi ambayo Kiswahili kingeweza kuwa nayo katika kuifikisha sinema hii kwa watu ambao inasimulia habari zao.

Maneno makuu: mapokezi ya filamu, Gisenyi, Kiswahili cha mpakani, agasobanuye, FESPACO

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, nafasi ya msomaji imejadiliwa kwa muda mrefu. Mawazo ya Hans Robert Jauss kuhusu upeo wa matarajio yamewasaidia wahakiki kueleza kwa nini kazi moja hupokewa kwa shangwe mahali pamoja na kwa mashaka mahali pengine. Mtazamaji wa filamu, hata hivyo, hajapewa uzito huo huo. Mara nyingi hadhira ya Afrika Mashariki inapoikataa filamu iliyosifiwa ughaibuni, hukumu hutolewa upesi: hadhira haikuelewa. Na filamu ikipendwa na wengi nyumbani, husemwa kuwa ni ya kawaida mno, haina usanii.

Hukumu hizo mbili zina kasoro moja. Zote huichukulia hadhira kama chombo kitupu ambacho filamu humiminwa ndani yake. Makala hii inaanzia upande wa pili. Inachukulia kuwa kila hadhira huja mbele ya skrini ikiwa tayari imefunzwa na historia yake namna ya kutazama, na kwamba maoni yanapogawanyika, kinachogongana ni mafunzo hayo.

Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu kwa sababu tatu. Kwanza, ndiko anakotoka mwongozaji. Pili, kisa cha filamu kinaanzia katika mpaka ambao wakazi wa mji huo huuvuka kila siku. Tatu, ni miongoni mwa miji ya Rwanda ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya mtaani na sokoni muda mrefu kabla ya kutambuliwa na sheria.

2.0 Gisenyi: Mji, Mpaka na Lugha

Kiswahili kiliingia katika eneo hili pamoja na misafara ya biashara na utawala wa Wajerumani, ambao askari na makarani wao walikitumia kazini. Baada ya Wabelgiji kushika nchi mwaka 1916, lugha hiyo ilibaki mijini, hasa katika mitaa ya Waislamu na wachuuzi waliotoka pwani na Kongo. Katika Kinyarwanda neno Umuswahili likapata maana pana kuliko mzungumzaji wa lugha: lilimaanisha mtu wa mjini, mara nyingi Mwislamu, na mara nyingine mjanja asiyeaminika. Dharau hiyo ilidumu. Hata Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ilichukua miaka kumi zaidi kabla ya Bunge kupitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, mwezi Februari 2017.

Gisenyi haikungoja sheria hiyo. Mji huo na Goma ni kama nyumba mbili zinazotumia ua mmoja. Wanawake wanaobeba mboga, maziwa na nguo kupitia kivuko kidogo, kile ambacho wenyeji wote hukiita Petite Barrière, hupatana bei kwa Kiswahili. Kiswahili hicho si cha Zanzibar wala cha Dar es Salaam. Upande wa Goma husikika viambishi vya ba- mahali pa wa-, pamoja na vitenzi vinavyochukua -ka mwishoni kuonyesha mazoea. Upande wa Gisenyi husikika athari ya Kinyarwanda, hasa katika kubadilishana kwa r na l. Mtu aliyekulia hapo huweza kubashiri kwa sentensi moja msemaji ametoka upande gani wa mpaka.

Uwezo huo wa kusikia haukuwa mchezo wakati wote. Mwezi Julai 1994, serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilikuwa imekimbilia Gisenyi, na kwa siku chache mamia ya maelfu ya watu walimiminika kuingia Goma. Mwaka 1997, makundi yenye silaha yaliyotoka Kongo, ambayo Wanyarwanda huyaita abacengezi, yalishambulia mkoa huo, na wakimbizi wa Kikongo waliokuwa katika kambi ya Mudende waliuawa katika mashambulio ya mwezi Agosti na Desemba. Watu walivuka pia kuelekea upande wa pili: mwaka 2002 na tena mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, wakazi wa Goma walikimbilia Gisenyi. Na Januari 2025, vita vilipofika Goma, makombora yaliangukia Rubavu na kuua raia. Katika historia kama hiyo, swali la nani anazungumza, na kwa lafudhi gani, limewahi kuamua nani apite na nani azuiwe.

3.0 Jinsi Hadhira Ilivyofunzwa

Kabla ya kuijadili filamu yenyewe, yafaa kuuliza hadhira ya Rwanda ilijifunzia wapi kupokea hadithi za kuigizwa. Jumba la sinema la kudumu halikuwa shule ya wengi. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1992, ikachelewa kuenea vijijini. Redio ndiyo iliyofika kila mahali.

Tamthilia ya Urunana ilianza kurushwa mwaka 1999 kupitia idhaa ya BBC ya Maziwa Makuu, na Musekeweya ikafuata mwaka 2004. Kwa miaka mingi familia zilikusanyika kusikiliza wahusika ambao hawakuwahi kuwaona. Katika tamthilia ya redio kila jambo lazima litamkwe au lisikike. Hofu ina sauti, mapatano yana sauti, na mhusika anayenyamaza kwa muda mrefu hutoweka. Msikilizaji hujifunza kumtambua mtu kwa namna anavyosema: umri wake, asili yake, cheo chake na nia yake.

Shule ya pili ilikuwa filamu za kufasiriwa, ziitwazo agasobanuye. Neno hilo linatokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza. Mfasiri huweka sauti yake juu ya filamu ya Marekani, India au China, akaeleza kisa kwa Kinyarwanda, akawapa wahusika majina ya mtaani, akatia utani na mawaidha. Marehemu Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga, ndiye aliyeufanya ufundi huo upendwe na wengi nchini. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina wafasiri wake wanaojazia vibanda vya video. Utamaduni huu ni wa eneo zima, na una kanuni moja isiyoandikwa: picha haiachwi peke yake. Daima kuna mtu anayesimama kati ya skrini na mtazamaji, akiieleza.

Tamasha la Filamu la Rwanda lililoanzishwa mwaka 2005, maarufu kwa jina la Hillywood, lilijaribu kujenga mazoea mengine kwa kupeleka skrini ya kujazwa hewa vijijini na kuonyesha kazi za Wanyarwanda kwa lugha yao. Baadaye michezo ya mfululizo kama Seburikoko, City Maid na Papa Sava ilipata wafuasi wengi. Hata hivyo, michezo hiyo nayo imejengwa juu ya mazungumzo, na mazungumzo yake ni ya Kinyarwanda cha kila siku. Kwa hiyo inaweza kusemwa kuwa hadhira iliyozoezwa kwa njia hizi ni hadhira ya sikio. Jicho lake ni zuri, lakini linalotangulia ni sikio.

4.0 Filamu na Safari Yake

Joël Karekezi alizaliwa mwaka 1985. Alijifunza utengenezaji wa filamu kwa masomo ya masafa kutoka Kanada na kupitia warsha za Maisha Film Lab nchini Uganda. Filamu yake ndefu ya kwanza, Imbabazi (2013), ilihusu msamaha baada ya mauaji ya kimbari. La Miséricorde de la jungle ilifuata, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwezi Septemba 2018. Ni kazi ya ubia wa watayarishaji wa Ulaya na Rwanda, na ilipigwa picha nchini Uganda.

Kisa chake ni chembamba. Mwaka 1998, mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Kongo, askari wawili wa Rwanda wanaachwa nyuma na kikosi chao. Sajini Xavier ni shujaa wa vita aliyechoka. Faustin ni kijana aliyejiunga na jeshi akiwa na kisasi moyoni baada ya kuuawa kwa watu wa familia yake. Wawili hao wanatembea msituni bila chakula, wakiandamwa na malaria, kiu na hofu ya kila anayevaa sare. Adui wanayemtafuta haonekani kwa urahisi, na kadiri siku zinavyopita sababu ya kumtafuta nayo inafifia. Hakuna vita vikubwa vya kuhitimisha hadithi. Msitu ndio unaochukua nafasi kubwa, na ukimya wa watu wawili ndani yake.

Tarehe 2 Machi 2019, FESPACO ilipoadhimisha miaka 50, filamu hii ilitunukiwa Étalon d'or de Yennenga, ikawa ya kwanza kutoka Rwanda kuipata tuzo hiyo. Marc Zinga, aliyemwigiza Xavier, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka huo Rwanda ilikuwa nchi mgeni wa heshima wa tamasha. Sadfa hiyo inatosha kumpa mwenye shaka pa kuanzia: je, waamuzi waliituza filamu au walimkirimu mgeni? Lakini shaka ya namna hiyo haiendi mbali, kwa kuwa haisemi lolote kuhusu filamu yenyewe. Tofauti zenye uzito zimo ndani ya kazi, na zinahitaji kutazamwa moja moja.

5.0 Misingi ya Mgawanyiko

5.1 Ukimya

Kwa mtazamaji wa tamasha, ukimya wa filamu hii ni hoja. Vita huondoa maneno; askari aliyeua sana hana la kusema; msitu hauna upande. Mtazamaji huyo amezoea sinema inayomwachia nafasi ya kujazia, na anaiona nafasi hiyo kuwa ni heshima aliyopewa.

Kwa mtazamaji aliyefunzwa na redio na agasobanuye, nafasi hiyo hiyo ni pengo. Mfasiri hayupo. Dakika zinapita na hakuna anayesema. Anapolalamika kwamba filamu haina kisa, anasema kweli kwa mujibu wa kanuni alizolelewa nazo: kisa ni kile kinachosimuliwa kwa sauti. Lalamiko hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa uvivu wa akili. Mtu aliyeweza kufuata Urunana kwa miaka, akiwakumbuka makumi ya wahusika na koo zao, hana upungufu wa umakini. Umakini wake umewekwa mahali pengine.

5.2 Lugha

Hapa ndipo mgawanyiko unapokuwa mkali zaidi, na ndipo historia ya Kiswahili inapoingia. Lugha zinazotawala filamu ni Kifaransa na Kiswahili. Kwa mtazamaji wa Ouagadougou au Brussels, Kifaransa cha askari hao hakizui swali. Ni lugha ya sinema ya Afrika aliyoizoea, na pia lugha ya nchi zilizochangia fedha za utengenezaji.

Mtazamaji wa Gisenyi anasikia jambo lingine. Jeshi la Rwanda la mwaka 1998 lilitokana na wapiganaji waliokulia uhamishoni Uganda na kuanza vita tarehe 1 Oktoba 1990. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kinyarwanda, na lugha yao ya kazi ilibeba urithi wa majeshi ya Uganda, ambao nao ulitoka kwa King's African Rifles: amri za Kiswahili, nyimbo za Kiswahili, na neno afande. Neno kadogo, lililotumiwa kwa askari watoto, lilivuka nao mpaka mwaka 1996 na kufika Kinshasa mwezi Mei 1997. Huko liliwakuta watu waliozoea kusikia Lingala midomoni mwa wanajeshi. Kifaransa kilikuwa mbali na mazingira hayo. Kwa hiyo askari hao wanapozungumza Kifaransa wakiwa peke yao msituni, jicho linaamini na sikio linakataa.

Kuna tatizo la kizazi pia. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuhamisha ufundishaji wa shule kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kijana wa Rubavu aliyeanza shule baada ya hapo alifikia umri wa kutazama filamu hii akiwa hana Kifaransa cha kutosha kuifuata. Kazi ya mzaliwa wa mji wake ilimjia kwa lugha ambayo nchi yake ilikuwa imeacha kumfundishia.

Kwa upande mwingine, kuwapo kwa Kiswahili kunaiokoa filamu kwa namna ambayo mtazamaji wa mbali hawezi kuigundua. Katika Kivu, Kiswahili ni lugha ya wote: mwanakijiji, mchimba dhahabu, mwasi, askari wa pande zote. Mtu akisikika akisema Kiswahili gizani, bado hajajulikana kama ni rafiki au adui. Hivyo lugha hii inafanya kazi ile ile ambayo sare zinafanya katika kisa: inaficha badala ya kufichua. Mhakiki anayesoma tafsiri ya maandishi chini ya skrini hupokea maneno yakiwa yamesawazishwa. Mashaka yaliyomo katika sauti humpotea. Kwa maana hiyo, sikio la mpakani linaipata filamu iliyo tajiri zaidi, hata pale linapoilaumu.

5.3 Waigizaji na Mahali

Marc Zinga ni Mbelgiji aliyezaliwa Likasi, Katanga, na Stéphane Bak ni Mfaransa mwenye asili ya Kongo. Wanyarwanda wawili wanaigizwa na watu wenye asili ya nchi wanayoivamia, katika msitu wa nchi ya tatu. Wapo watakaoona humo udhaifu: mwili, mwendo na matamshi havisemi Rwanda. Wengine wataona maana ambayo huenda ni nzito kuliko iliyokusudiwa, kwamba aliyekuja kumwinda jirani amevikwa sura ya jirani.

Makala hii haioni ulazima wa kuchagua. Jambo la kuzingatia ni kwamba pingamizi la kwanza linahitaji sikio na jicho la mwenyeji, na tafsiri ya pili inahitaji umbali kidogo. Mji wa Gisenyi unavyo vyote viwili, kwa kuwa wakazi wake wana ndugu ng'ambo ya mpaka na wamewahi kuwa wakimbizi na wenyeji wa wakimbizi kwa zamu.

5.4 Mada Yenyewe

Msingi wa mwisho ni mgumu kutamkwa. Filamu inamwonyesha askari wa Rwanda akiwa na shaka. Haimgeuzi jambazi, wala haimpi ushindi. Anayetafuta utukufu wa jeshi hataupata, na anayetafuta hati ya mashtaka kuhusu yaliyotendwa Kongo hataipata pia. Mtu wa Goma anaweza kuuliza kwa nini huruma ielekezwe kwa askari wawili waliopotea na si kwa wanavijiji waliowapitia. Mtu wa Gisenyi aliyenusurika mashambulio ya mwaka 1997 anaweza kuuliza kwa nini adui apewe uso wa binadamu. Maswali hayo mawili yanatoka pande zinazopingana, lakini yanafanana katika jambo moja: kila muulizaji anataka wafu wake wahesabiwe.

Filamu haitoi hesabu hiyo. Jina lake lataja rehema, na rehema katika mji wenye historia kama hii haigawanywi bila ugomvi. Ndiyo maana si sahihi kuwapanga watazamaji katika makundi ya walioelewa na wasioelewa. Wengi wanaoikataa wameielewa vizuri.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa mgawanyiko wa maoni kuhusu La Miséricorde de la jungle unafuata mpaka ulio mrefu kuliko ule wa ladha. Upande mmoja kuna mazoea ya sinema ya matamasha, yanayothamini picha, ukimya na fumbo. Upande wa pili kuna mazoea ya redio, agasobanuye na michezo ya mfululizo, yanayothamini sauti, maelezo na lafudhi. Juu ya mazoea hayo imelala historia ya vita na ukimbizi ambayo imelifanya sikio la mpakani kuwa kali.

Matokeo haya yana athari za kivitendo kwa wataalamu wa Kiswahili. Tangu mwaka 2017, mjadala kuhusu Kiswahili nchini Rwanda umejikita zaidi katika mitaala, walimu na ofisi. Filamu hazijapewa nafasi inayostahili. Kazi ya Karekezi ingefikia hadhira nyingine kabisa kama ingekuwa na tafsiri ya maandishi kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na kama maonyesho yake yangeambatana na mfasiri anayezijua lugha za pande zote mbili. Mfasiri huyo asingejaza ukimya wa filamu kwa utani. Kazi yake ingekuwa kuongoza mazungumzo baada ya taa kuwashwa, pale watu wa Gisenyi na Goma wanapoweza kuulizana maswali yale magumu kwa lugha wanayoishiriki. Ufundi wa kusobanura upo tayari, na watu wanauamini. Kilichobaki ni taasisi za lugha kuutambua kuwa ni sehemu ya kazi yake.

Hadi hapo, filamu itaendelea kuhesabiwa kuwa ushindi wa Rwanda katika orodha za matamasha, huku mji alikozaliwa mwongozaji ukiijua kwa jina kuliko kwa kuitazama. Hilo halitakuwa kosa la watazamaji wa Gisenyi. Wao wamekuwa wakisikiliza habari za msitu huo tangu mwaka 1994.